Neno la Mlangoni

Isihaka alikuja kwangu baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye kigoda, hakuzunguka sana. Mama yake, Bi Mashavu, ambaye Isihaka alimleta kutoka Mnyuzi kwa sababu ya ugonjwa, alikuwa anataka kurudishwa. Dawa hataki, uji hataki, anataka apelekwe Korogwe akapandishwe treni. Mganga wa zahanati alishamwambia Isihaka kwamba mgonjwa yule hata Korogwe hafiki, seuze Mnyuzi. Isihaka alimbembeleza mama yake kwamba hapa kuna watu, kuna msikiti, kuna na makaburi. Mama yake akamjibu kuwa makaburi yapo kila mahali, yeye anamtaka mwoshaji wake.

Hapo nikaelewa kwa nini amekuja kwangu. Mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake katika kijiji chetu. Kazi niliipokea kwa marehemu shangazi yangu, wakati bado tunaishi mbalimbali huko porini, kila ukoo na shamba lake. Tulipohamishiwa hapa upande wa Kabuku na nyumba zikapangwa kwenye mstari, waoshaji wenzangu walipangiwa kijiji kingine, nikabaki mimi. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wameoa na kuolewa, sikuwa na mtu wa kunizuia.

"Nenda ukaongee naye, Bi Mwaija," Isihaka akasema. "Anataka kujua wewe ni mtu wa namna gani."

Nikamwambia kazi hii sijawahi kuulizwa na mwoshwaji mwenyewe. Hakucheka.

Kesho yake nilitoka kwenye shamba la kijiji, tulikuwa tunapalilia pamba, nikaoga, nikavaa kanga safi, nikaenda. Bi Mashavu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini. Hamisa, mke wa Isihaka, alikuwa anatwanga kisamvu karibu na mlango wa uani. Nikatoa shikamoo. Mgonjwa akaitikia marahaba, akaniambia nikae penye mwanga. Aliangalia mikono yangu kabla ya uso.

"Nilidhani utakuwa mnene," akasema. "Yule wangu wa Mnyuzi ana mikono kama mipini ya jembe. Ukilala mbele yake unajua umeshikwa."

"Kwani umeshalala mbele yake, mama?"

Hamisa aliinamia kinu kuficha kicheko. Bi Mashavu mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, ikabidi ainuliwe anyweshwe maji. Alipotulia akasema mwosha huoshwa, je, mimi nimeshajitafutia wangu? Nikasema bado. Akasema basi nisimshangae yeye.

Akaanza kuniuliza kazi. Naanzia wapi, maji yanakuwa ya namna gani, maiti anafunikwa au anaachwa wazi kama samaki. Nilimweleza kama nilivyofundishwa. Maji ni ya vuguvugu, yamechanganywa na majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Mwili hauondolewi nguo ya kuusitiri. Mkono wangu unavishwa kitambaa na kupita chini ya nguo hiyo. Kulia kabla ya kushoto. Nywele zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma. Maji ya mwisho yanatiwa kafuri. Kila nilipotaja jambo aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza njia ya kwenda kwao ikitajwa mto kwa mto.

"Na unapenda nini ndani yake?" akauliza. "Usiniambie thawabu. Thawabu hata mimi nazijua."

Swali lile nilikuwa sijaulizwa na mtu, wala sijajiuliza. Nikamwambia kwanza napenda kwamba hakuna haraka. Mwanamke wa kwetu anaoga amesimama, mtoto analia nje, chungu kinafurika jikoni. Siku ile anaogeshwa kwa utaratibu, anachanwa pole pole kama bi harusi, hata kama hajachanwa na mtu tangu harusi yake. Napenda viungo vilivyokaza vinavyolegea ukivikanda. Napenda pia kwamba nikiwa mle ndani hakuna anayeniamuru. Mwenyekiti wa kijiji haingii, katibu haingii, na wanaogombana uani wanashusha sauti.

"Na wewe unakaa kimya?"

"Nasoma ninayoyasoma. Na maiti namwambia. Nikitaka kumgeuza nasema, nakugeuza, mama."

"Anasikia?"

"Sijui. Lakini kumgeuza mtu mzima bila kumwambia si adabu."

Lile lilimpendeza, nililiona usoni mwake. Akamwambia Hamisa aniletee chai. Nikadhani maneno yamekwisha na treni imeshasahaulika. Nilipokuwa nimeshika kikombe akauliza tena.

"Na ukitoka?"

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu. Mwoshaji akimaliza anafungua mlango, na wanawake wanakuwa wamesimama pale wanamngoja. Shangazi alinifundisha, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akisema vivyo hivyo: ukiona aibu kwa maiti ifunike, Mungu atakufunika na wewe, ukiona jema litaje, ili wafiwa wapate faraja. Basi mimi nikiona jema nilikuwa nalisema pale mlangoni, na kama sikuona, nawaambia tu kwamba ameshaoshwa. Nilimweleza Bi Mashavu hivyo, bila wasiwasi, maana niliona ni katika uzuri wa kazi yenyewe.

"Kwa mama yake Semboja ulisema nini?"

"Nilisema uso wake ulikuwa na nuru, kama mtu aliyefikiwa na wageni anaowapenda."

"Na kwa mama yake Mbwana?"

"Sikusema kitu."

"Alikuwa na kitu?"

Nikanywa chai.

"Hujibu. Vizuri," akasema. "Lakini kijiji kimeshakujibia."

Akanieleza yale ambayo sikuwa nimeyasikia, kwa kuwa mbele yangu hayasemwi. Watu wanaokuja kumtazama mgonjwa wanakaa pale wanazungumza kana kwamba mgonjwa ameshakufa. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba mama yake Mbwana siku hizi anaitwa yule aliyetoka kimya. Wengine wanasema alionekana na alama za uchawi, wengine wanasema ulimi ulikuwa nje. Na wale wa Kabuku waliomposa binti wa Mbwana wameirudisha posa yao, wakisema hawaoi kwenye nyumba ambayo bibi alitoka kimya.

Nikamwangalia Hamisa. Aliendelea kutwanga bila kuinua macho, nikajua ni kweli.

Nilijitetea. Nilimwambia Bi Mashavu kwamba kutaja jema si dhambi, na kwamba nyuso nyingine ni nyuso tu, mtu amekufa kama watu wanavyokufa.

"Basi taja jema kwa wote," akasema.

"Huko ni kumsingizia maiti."

"Basi usitaje kwa yeyote."

Nikamwambia wafiwa watanichukia. Neno lile ndilo linalowalaza usingizi. Semboja mpaka leo akikaa na watu lazima ataje nuru ya mama yake.

Bi Mashavu akasema taratibu, Hamisa akaacha kutwanga.

"Nina jambo mwilini mwangu. Wewe utaliona. Isihaka halijui, baba yake alilijua, akafa nalo. Yule wa Mnyuzi akitoka hasemi la mtu yeyote, hakusema hata la mama yangu mzazi. Hapa wewe utafungua mlango, watu watakuangalia mdomo. Ukisema jema, utakuwa umenisemea uongo. Ukinyamaza, utakuwa umenitangaza, na mwanangu atakuwa amesimama pale pale. Ndiyo maana nataka treni."

Kuku aliingia akadonoa majani ya kisamvu, hakuna aliyemfukuza.

Nilifikiri juu ya shangazi yangu na mafundisho yake. Nilifikiri pia kwamba shangazi aliosha watu wa ukoo mmoja, waliojuana tangu kuzaliwa, wakati mimi naosha watu waliokusanywa juzi, ambao bado wanapelelezana juu ya ua.

"Kwako sitasema, mama," nikamwambia. "Wala kwa atakayekufuata, hata akiwa mke wa imamu."

"Na watakapokuchukia?"

"Watanichukia."

Akauliza nani atanimiminia maji. Nikasema sina mtu, naazima yeyote asiyeogopa. Akanyoosha kidole kwa Hamisa. Nikamwuliza kama haoni vibaya kuoshwa na mkwewe.

"Ananiogesha tangu nifike hapa. Angekuwa wa kusema, mngeshasikia."

Treni hakuitaja tena. Isihaka alifurahi, akadhani nimempa mama yake dawa.

Alifariki kabla ya mvua za vuli, asubuhi. Tulimwosha mimi na Hamisa, tukamvika sanda. Nilipofungua mlango wanawake walikuwa wamejaa, na nyuma yao Isihaka, ambaye hakutakiwa kuwa pale bali na wanaume barazani.

"Mama, alikuwaje?" akaniuliza mbele ya watu wote.

"Ameshaoshwa, mwanangu. Waite wenzako mje mmbebe."

Alingoja. Aliona labda natafuta maneno mazuri. Kisha akamtazama mkewe. Hamisa alikuwa anakunja mkeka, akaendelea kuukunja.

Ilisemwa, bila shaka. Safari hii walisema hata mbele yangu, kwamba yule mgonjwa aliyeletwa kutoka Mnyuzi naye ametoka kimya, ndiyo maana alikuwa anataka kukimbia. Isihaka alikata salamu. Tulikutana kisimani, tukakutana kwenye foleni ya sukari, akawa anapita kama anapita kwenye mti. Hamisa alikuja kunitazama siku moja tu, akasema mumewe hali vizuri, lakini hakuniomba nibadilishe kitu.

Baadaye alikufa dada yake Semboja, mtu wa ibada na mwenye kupendwa. Nilitoka nikasema ameshaoshwa. Semboja alikuwa ameshajiandaa kusikia habari ya nuru kama ya mama yake kwa mara ya pili. Akanifuata mpaka nyumbani kwangu akafoka, akasema nimefanya kiburi. Nikamsikiliza mpaka akachoka. Kisha akafa bibi mmoja mzee, nikatoka vile vile. Wanawake pale mlangoni wakatazamana, na mmoja akasema, siku hizi Bi Mwaija ndivyo alivyo. Kuanzia hapo jina la yule aliyetoka kimya likawa halina maana, kwa kuwa wote walitoka hivyo. Binti wa Mbwana yeye hakungoja hayo. Aliolewa Mazinde, kwa watu wasiojua habari zetu.

Isihaka alikuja mwisho wa mvua, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Niambie mimi tu," akasema. "Sitamwambia mtu."

"Mama yako aliniuliza kazi yangu, nikamweleza," nikamjibu. "Akanikubali kwa sharti lake. Ningekuwa na neno la kukupa, ningelitoa siku ile."

Akageuza kofia mikononi. Akauliza kama angalau alioshwa vizuri. Hilo nikaona naweza kumjibu.

"Hatukumharakisha," nikasema.

Akavaa kofia yake, akanipa shikamoo, ya kwanza tangu tumwoshe mama yake, akaenda.