Meno Manane ya Kisanji cha Tata Ntambwe

...lakini jino la tatu haliko hapo, haliko kwenye ufunguo mweupe wala mweusi, liko katikati, mahali ambapo piano haina kitu cha kubonyeza, na Mushiya anasogeza namba kwenye kioo cha kompyuta, mia tatu arobaini na tano, arobaini na sita, sikio la kushoto limefunikwa na hedifoni na la kulia liko wazi, maana ni ufidhuli kumfungia mzee masikio yote mawili, na mzee yuko nyuma yake, Tata Ntambwe mwenyewe, amesimama, amenyoosha mkono, na mkononi kuna kisanji, kile kibao cha meno manane ya chuma kinachopigwa kwa dole gumba, "Kamata, mama," anasema, anamwita mama kama wazee wanavyowaita wasichana wanaowapenda, "kamata, mi minakupa, njo yako sasa," na Mushiya hageuki, anajifanya hajasikia, anajifanya ana kazi, arobaini na saba, na hapo, Mungu wangu, hapo sauti mbili zinaacha kupigana, ile ya kompyuta na ile ya zamani iliyorekodiwa, mtikisiko kati yake unapungua kama kuku anayetulia chini ya tenga, wa-wa-wa, wa... wa... halafu kimya cha sauti moja, ndilo hilo, ndipo jino la tatu lilipokuwa likikaa kabla yeye hajaligusa kwa koleo... asiliwaze koleo, awaze namba, namba haina uso. Wiki tatu anatafuta namba. Kinanda hiki ni programu tu ya ndani ya kompyuta, aliishusha bure, na ina dirisha dogo ambalo Papy, mwenye studio, binamu yake anayemwita Yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, hajawahi kulifungua, dirisha la kupanga wewe mwenyewe kila sauti ikae wapi, hatua moja ya piano, kutoka ufunguo hadi jirani yake, inakatwa vipande mia, na yeye miezi minane yote aliyokaa kwenye kiti hiki, hapa mtaani Dilala, akirekodi kwaya na watangazaji wa maduka, hakujua kwamba kati ya ufunguo na ufunguo kuna nchi nzima yenye watu, yeye alidhani pana ukuta. "Unanisikia, mama, ao na weye masikio inakufa?" anauliza mzee, na anacheka, anacheka kweli, "ya kwangu inaenda retreti, inaacha kazi mbele yangu, haikuniaga hata," na kicheko hicho kinamwingia Mushiya chini ya mbavu, kwa sababu masikio ya Tata Ntambwe hayajafa, hayana hata mafua, na katika Kolwezi nzima anayejua hivyo ni mtu mmoja na mtu huyo ana hedifoni nusu kichwani na anatazama namba. Mzee alikuja Jumatano ile na kisanji ndani ya mfuko wa unga, Mama Simone wa kwaya ndiye aliyemleta, wimbo mmoja kwa ajili ya jubilei ya parokia, kisanji kipige mbele halafu kwaya iingie, na mzee akakaa, akakiegemeza tumboni, akapiga, na ilikuwa... Mushiya alisahau hata kutazama kioo, lakini Mama Simone alikunja uso, akasema, "Tata, ile kisanji yako inalia uongo, haiko juste, batoto yangu bataimba namna gani na ile?" na wakinamama wakacheka, mmoja akasema labda kimelewa lutuku, mzee naye akacheka pamoja nao, akapiga tena, sekunde arobaini zikaingia kwenye kompyuta halafu umeme ukakatika, pap, giza saa nane mchana, wakaahirisha, na mzee akasema anakiacha hapa hapa, kesho atarudi, kuna mvua, mbao inakunywa maji. Akakiacha. Alimwachia yeye. "Chunga mutoto yangu," alisema. Na yeye akamchunga... kesho yake asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufika, aliketi na simu yenye ile sindano inayoonyesha kama sauti ni sahihi, kijani ikiwa sahihi, nyekundu ikiwa kosa, na akapiga jino la kwanza, nyekundu, la pili, nyekundu, la tatu likamfedhehesha kabisa, sindano haikujua hata ielekee upande gani, na aliona huruma, hiyo ndiyo inayomla, aliona huruma, maskini mzee, hakuna aliyemwambia, akachukua koleo la Yaya Papy, hili linakwenda ndani kidogo, hili linavutwa nje kidogo, mpaka kijani, na chini ya meno mawili marefu akakuta madonge meusi kama uchafu wa miaka, akayakwangua kwa kisu na kusafisha kwa petroli, akajisikia msafi, akajisikia mwalimu. Mwalimu! Aliacha shule mwaka wa nne, mama alipozaa mapacha na nyumbani pakahitaji mikono miwili zaidi, na kitu alichokililia usiku si marafiki, si sare, ni kalamu nyekundu, siku zote aliota kushika kalamu nyekundu na kuandika pembeni mwa daftari la mtu *hapana, hivi*, na sindano ya simu ilikuwa kalamu yake, na daftari la kwanza alilopewa maishani akalisahihisha lote bila kulisoma. Ni nta. Yale madonge yalikuwa nta ya nyuki. Amesoma baadaye kwenye simu, nta hubandikwa chini ya jino ili sauti yake ishuke, linazidishwa uzito, mtu huweka punje baada ya punje na kusikiliza, huenda siku nzima, huenda miaka, na yeye alitumia petroli. "Minatoka nayo Lubudi," mzee anasema nyuma yake, mkono bado umenyooka, "mi nilikuwa kijana kama weye, tulikata meno ku rayoni ya velo ya mujomba wangu, ile vyuma nyembamba ya gurudumu ya baiskeli, akatafuta velo yake mwezi muzima, akasema ni wachawi," na anakohoa na kucheka, na nje Yaya Papy anamfokea mtu wa taxi-moto aliyeegesha pikipiki mlangoni, "Toa ile kitu, bateja bapite wapi?" na mtu anamjibu, "Bateja gani, Papy, mi sioni hata nzi!" na Mushiya angependa kucheka kama watu wengine wanavyocheka. Siku ile mzee aliporudi, hilo ndilo analoliona akifumba macho, alikitoa kisanji mfukoni, akaweka dole gumba, akapiga mara moja, akaacha. Akapiga tena. Akainamisha kichwa, akakibandika karibu na shavu, akapiga jino la tatu polepole kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake na kumsikia mtu mwingine akiitikia, na Mushiya alikuwa amesimama hapo hapo anangoja kushukuriwa, alikuwa na tabasamu tayari, na Mama Simone akapiga makofi, "Voilà! Leo inasema kweli!" na wakinamama wote wakasema eyo, leo iko muzuri, leo iko juste, na mzee aliwatazama mmoja mmoja, wote wanasikia uzuri na yeye anasikia kitu kimevunjika, wote saba dhidi yake, akashika sikio lake la kulia kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Basi ni mi." Basi ni mi! Miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kusaga mawe, njia ya kwenda Kingamyambo, mashine iliyowafanya waelewane kwa mikono tu, na alijua siku ya uziwi itafika, kwa wenzake wote ilifika, na akaamini imefika Alhamisi ile saa tatu asubuhi, na Mushiya alifungua mdomo, alifungua, anaapa alifungua, na tabasamu lilikuwa bado limo ndani, likaziba njia... Wakarekodi. Mzee alipiga kwa kumbukumbu ya vidole tu, macho ukutani. Jubilei imepita, wimbo unazunguka kwenye simu za Dilala yote, vijana wameufanya mlio wa simu zinapoita, na mzee hajagusa kisanji tena, mkewe anasema anakaa uani na redio imezimwa, anasema redio pia ni ya uongo sasa, mtu akianza kushuku masikio yake hushuku mpaka jogoo. Na leo ameleta zawadi. "Weye njo mutoto moja tu aliniuliza namna banaishika," anasema, "batoto bangu bote, hapana, banataka klavye, kinanda ya umeme," na mbao inagusa bega la Mushiya, nyepesi, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu dogo la mbao, ili kila jino livume, unavuma kidogo kwa pumzi ya mzee, huo angalau hakuugusa, mshukuru Mungu kwa ujinga uliobaki na kikomo. Anayo sita. Katika sekunde arobaini zile vidole vya mzee vilipita kwenye meno sita, na yote sita sasa yamo kwenye jedwali, kwa vipande, ameyapata moja moja kwa kusikiliza mtikisiko ukitulia, lakini mawili marefu, yale yenye nta, umeme ulikatika kabla vidole havijayafikia, na hakuna sindano wala programu inayoweza kukisia, amejaribu, amekisia mara mia, yanasikika kama mgeni aliyevaa nguo za marehemu. Mawili hayo yamo mahali pamoja tu, kooni mwa Tata Ntambwe. Na angeweza... anaweza kwa ujanja, sasa hivi, kukipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, na kusema Tata, niimbie basi yale mawili ya chini nisije nikayasahau, mzee angeimba, simu ingerekodi, na kesho meno yote manane yangerudi, angetafuta nta, angempelekea, jaribu tena Tata, na mzee angepiga na kusikia nyumba yake, angelia, angesema yamefunguka, masikio yangu yamefunguka, na hakuna ambaye angejua kitu, na mpango huu ni mzuri, amelala nao siku nyingi, una kila kitu ndani yake... una hata Jumapili, maana Mama Simone hawezi kuuacha muujiza ukae nyumbani, angemsimamisha mzee mbele, toa ushuhuda Tata, na mzee mwenye miaka sabini na moja angecheza mbele ya altare akimshukuru Mungu kwa kumponya ugonjwa ambao Mushiya alimpa kwa koleo, na yeye angekuwa benchi la tatu, anapiga makofi. Anaiona mikono yake mwenyewe ikipiga makofi. Anavua hedifoni, anaiweka juu ya meza, na chumba kinakuwa kikubwa ghafla, na wazo linakuja ambalo halikuwahi kuja kwa wiki tatu, ajabu jinsi lilivyo jepesi, kwamba wiki tatu hizi alikuwa akitafuta sauti ili asionekane, vipande mia tatu arobaini na saba vya kujificha nyuma yake, na mzee hakupoteza kisanji, vyuma ni vyuma, vinarudi, alichopoteza ni kujiamini kwamba anasikia, na hicho hakipo kwenye jedwali lolote, hicho kiko mdomoni mwake yeye Mushiya, amekishika kwa meno muda wote. Watu wanane chumbani siku ile, pamoja na sindano ya simu, na aliyesikia sawasawa alikuwa mmoja, akaondoka akiwa kiziwi. Akimwambia, mzee atakasirika. Huenda asicheke tena naye, huenda amwambie Mama Simone, Yaya Papy naye atasema mbele ya wateja, na mama yake nyumbani ataweka mtoto mmoja chini ili apate mkono wa kumnyooshea kidole, na aibu haijapungua hata chembe, inawaka masikioni na shingoni, ila imegeuka, jana ilikuwa ikimvuta nyuma na sasa inamsukuma, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, ukisimama ndipo inapokuelemea. Anageuza kiti. Anamtazama. Tata Ntambwe ana kitambaa cha plasta kwenye dole gumba na ndevu tatu za mvi ambazo wembe uliziruka, na kisanji kiko kati yao wawili, Mushiya bado hajakipokea, mikono yake iko magotini, "Mukono yangu inachoka, mama," mzee anasema, "unakataa zawadi ya muzee?" na Mushiya anatikisa kichwa, hapana, si hivyo, na sauti inayotoka ni nyembamba na iko chini ya noti aliyoikusudia, lakini inatoka, "Tata, masikio yako haina kitu. Iko muzima. Ni mi..."