Malalamiko Yapelekwe kwa Mtengenezaji

Kompyuta ya Bwana Mihuri ilikata roho Jumatatu asubuhi, katikati ya muhuri wa chama cha waokaji mikate. Ilikohoa kidogo, kwa adabu, kioo kikawa cheusi, na herufi zote alizokuwa amezipanga kinyumenyume, kama herufi za mihuri zinavyopangwa, zikaenda na maji.

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mihuri kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana wake, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake: kuchora, kukata mpira, kubandika mpira kwenye kipini cha mbao. Alikuwa ameifanya hadi akiona kibao cha duka huanza kukisoma kutoka kulia, kisha akajikumbusha. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno; ndiye yule mama wa dirishani anayekuambia ukae usubiri. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni. Nyumbani walibaki wao wawili, pamoja na mama yake Mama Pacha, aliyekuja kutibiwa macho, macho yakapona, yeye akabaki.

"Kompyuta mpya nitaiunda mwenyewe," Bwana Mihuri alitangaza mezani. "Si ndege ile."

Akaenda dukani kwa Waya. Waya alikuwa muuza vifaa vya kompyuta, mwembamba, mrefu, mwenye tabia ya kuongea huku akikung'uta vumbi ambalo wewe hulioni. Aliweka diski mbili juu ya kaunta. Zilifanana kama sahani za seti moja, ila moja ilikaa ndani ya boksi linalong'aa lenye picha ya radi, na nyingine ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa kijivu, kama kitu kilichotoka maabara.

"Hii ya boksi ni ya watu," Waya alisema. "Hii ya mfuko ni o-i-em."

"O-i-em ndiyo nini?"

"Ya watengenezaji. Kampuni zinazounda kompyuta hununua hivi. Hakuna boksi, hakuna kijitabu, hakuna skrubu. Kitu ni kilekile, bei iko chini. Ila garantii yake si ya mtumiaji. Anayeunda kompyuta ndiye anayebeba dhamana kwa mteja wake."

"Na mimi ndiye ninayeunda."

"Basi wewe ni mtengenezaji."

Neno hilo lilimwingia Bwana Mihuri kama chai ya moto siku ya mvua. Alinyoosha mgongo bila kujua.

"Unakubali?" Waya aliuliza.

"Nakubali."

"Sema kwa sauti, huyu mama asikie."

Mama mmoja aliyekuja kununua betri ya saa aliinua kichwa. Bwana Mihuri akakohoa, akasema, "Nakubali kuwa mtengenezaji."

"Hongera, baba," mama akajibu, akaendelea kuhesabu chenji yake.

Alinunua kila kitu cha mfuko: bodi kuu, prosesa, kumbukumbu, diski. Alipofika nyumbani akagundua prosesa ya mfuko haiji na feni yake, ikabidi arudi kununua feni. Waya hakuonekana kushangaa. Alikuwa ameshaiweka kauntani.

Kompyuta iliundwa juu ya meza ya kulia chakula, mama mkwe akiwa kando anafuatilia kama mechi. Kazi ilikwenda vizuri hadi zamu ya diski. Matundu ya skrubu yalikuwepo, skrubu hazikuwepo. Bwana Mihuri alitazama huku na huku, kisha akaleta kopo la gundi yake, ileile anayobandikia mpira kwenye vipini, akapaka, akabandika diski ukutani mwa kasha, akaishikilia kwa kiganja huku akihesabu moyoni.

"Mama, mimi sasa ni mtengenezaji," alimwambia mama mkwe.

"Mungu akubariki, baba," mama mkwe akasema. "Sogeza sahani."

Ikawaka. Ikafanya kazi vizuri, mihuri ikatoka. Hadi asubuhi moja ya Jumamosi ilipogoma, ikiandika kwenye kioo kwamba haioni diski. Bwana Mihuri akafungua kasha, akaikuta diski imelala chini, ubavu juu ya feni. Alidhani imelala kwa sababu inaumwa. Akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwa Waya.

"Imekufa," alisema. "Nataka garantii."

Waya aliichomeka, haikuitika, akaigeuzageuza. "Umekuja kama nani?"

"Kama nani vipi? Kama mteja."

"Mteja wa kompyuta hii malalamiko yake hayaletwi hapa. Yanapelekwa kwa mtengenezaji."

"Mtengenezaji ni mimi!"

"Basi huna haja ya kupanda gari," Waya alisema kwa upole. "Mweleze shida yako. Akiona una haki, yeye ndiye atakayekuja kwangu, tutaongea lugha moja. Mimi siwezi kumruka mtengenezaji nikaongea na mteja wake. Utakuwa utovu wa nidhamu."

"Lakini nimeshafika. Chukulia nimekuja kama mtengenezaji."

"Ungeingia hivyo, ningekusikiliza. Umeingia kama mteja, watu wamesikia."

Watu wawili waliokuwa nyuma yake wakatikisa vichwa kwamba kweli wamesikia.

Alirudi nyumbani akifoka njia nzima. Alitegemea mkewe atacheka, au angalau amtukane Waya kidogo. Mama Pacha, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni, alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Yuko sahihi kabisa," alisema. "Hata kwetu, mtu haingii kwa daktari kwa kuwa tu ana jino." Akatoa benchi jikoni, akaliweka kwenye ujia, mbele ya mlango wa chumba cha mihuri. "Keti. Mtengenezaji bado hajafika."

"Hajafika wapi? Mtengenezaji ni mimi, mke wangu!"

"Ndiyo maana hajafika. Yuko hapa kwenye benchi."

Bwana Mihuri akakaa. Hakujua kwa nini alikaa, ila sauti ile ya dirishani ilikuwa imekalisha watu wakali kuliko yeye. Baada ya muda akauliza, "Nikiingia tu je?"

"Hujaitwa."

"Nani wa kuniita?"

"Mtengenezaji."

Akatafakari. Kisha akanyanyuka, akaingia chumbani, akakaa nyuma ya meza, akavaa miwani yake ya kukatia mpira, na kwa sauti nzito aliyokuwa hajawahi kuitumia akaita, "Mteja aingie!" Akavua miwani, akatoka mbio hadi kwenye benchi ili aweze kuingia.

"Usikimbie humu ndani," Mama Pacha akamwambia.

Wakaanza. Akiwa mteja alikaa kiti cha mbele, akaeleza. Akiwa mtengenezaji alizunguka meza, akavaa miwani, akasikiliza kwa uso wa mtu mwenye mambo mengine ya kufanya.

"Uliidondosha?" mtengenezaji aliuliza.

"Sikuigusa."

"Wateja wote husema hivyo."

Bwana Mihuri alirudi kiti cha mbele akiwa amechomwa kweli. "Wewe unaniita mwongo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Hii ni ofisi, ndugu. Punguza sauti."

Hapo mlango ukafunguka, mama mkwe akaingia na shuka mabegani. Bwana Mihuri akasimama haraka, kwa heshima, hajui asimame upande upi wa meza.

"Nani wanagombana?" mama mkwe aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Na mwingine?"

"Ni mimi pia, Mama."

Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa, akajipanga shuka. "Haya, endeleeni."

Wakaendelea. Mtengenezaji akasema labda umeme wa nyumba ya mteja ni mbovu. Akasema labda mteja hajui kutumia kompyuta, wengi hawajui. Mteja akabaki ameshika magoti. Mama mkwe akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, bwana huyu anakudharau na wewe unamtazama tu?"

"Mama, bwana huyu ni mkweo."

"Ndiyo nashangaa. Mimi sikumwoza binti yangu kwa mtu wa namna hii."

"Na huyu mteja?"

"Huyu hana shida. Huyu ndiye aliyeleta posa."

Mtengenezaji aliona soni, akainama kuikagua diski angalau aonekane anafanya kazi. Aliipeleka dirishani, akaigeuza. Ubavuni palikuwa na uzi mrefu wa rangi ya kahawia, umeganda kama ute. Akazunguka meza taratibu.

"Hiyo ni nini?" mteja aliuliza.

"Gundi."

"Ya nini?"

"Ya mihuri."

"Umebandika diski yangu kwa gundi ya mihuri?"

"Skrubu hazikuwepo."

"Na kompyuta ikipata moto, gundi hiyo huwa inafanyaje?"

Wote wawili walijua. Kila wiki Bwana Mihuri aliweka vipini vya zamani juani ili gundi ilainike, mpira ubanduke wenyewe.

"Muombe radhi," mama mkwe alisema.

"Mama, kweli..."

"Muombe. Nipo."

Bwana Mihuri akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nisamehe, ndugu mteja," alisema akikiangalia kiti kitupu. "Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua. Kosa ni langu."

Kisha akazunguka, akakaa kwenye kiti kile ili aipokee radhi hiyo. Na hapo akakumbuka viatu vilivyofunguka midomo kabla hajafika navyo kazini, redio iliyoshika stesheni moja tu, tena ya mahubiri, koti lililotoa rangi yote kwenye mvua ya kwanza. Kote alirudisha, kote alizomewa. Umri wote huo wa kununua vitu, hakuna muuzaji wala mtengenezaji aliyewahi kumwambia nisamehe.

"Nimekusamehe," alisema, na sauti ikakatika.

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka akajifanya ananyoosha pazia.

Mchana huohuo walienda dukani wote watatu, kwa sababu mama mkwe alisema mtengenezaji huyu hawezi kuachwa peke yake.

"Leo umekuja kama nani?" Waya aliuliza.

"Kama mtengenezaji. Nina mteja nimemharibia, namnunulia diski nyingine."

Waya akabadilika pale pale. Akaleta kiti, akakikung'uta. "Karibu, mzee. Ya mfuko au ya boksi?"

"Ya mfuko," mtengenezaji akasema, akiangalia bei. Kisha akasimama, akageukia kiti. "Ya boksi!" mteja akasema. "Safari hii sikubali." Mtengenezaji akakaa, akaeleza kwamba kitu ni kilekile. Mteja akasimama, akauliza kama gundi nayo ni ileile. Walioingia kununua chaja wakasahau chaja. Mmoja akawa upande wa mtengenezaji, akisema wateja siku hizi wamezidi, na mwenzake akamwambia anyamaze.

"Jamani, hapa ni dukani," Waya akaomba.

Mama mkwe akapita katikati yao, akachukua boksi lenye picha ya radi, akalitikisa sikioni. Vikasikika vitu vidogo vikigongana ndani.

"Hii ina skrubu," alisema. "Ifunge."

Bwana Mihuri aliifunga jioni ile, skrubu nne, akazikaza kwa bisibisi hadi mama mkwe akasema inatosha. Kompyuta ikawaka. Michoro yote ya zamani ilikuwa imepotea na diski iliyoanguka, ikabidi aanze upya, muhuri mmoja mmoja.

"Mteja ameridhika?" Mama Pacha alimuuliza wakila.

Bwana Mihuri akafikiri. "Ameridhika. Ila bado hawajaongea vizuri."

Wiki iliyofuata mama mkwe akaamua kurudi kwake. Bwana Mihuri alimsindikiza hadi barabarani, amembebea begi. Gari liliposimama, mama mkwe akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa ukarimu, akamwombea heri yeye na watoto. Akapanda, akafika dirishani, akakaa. Kisha akafungua kioo, akatoa kichwa, na uso wake ukawa mwingine.

"Na yule mwenzako," alisema, "mwambie namwangalia."

"Nitamwambia, Mama," akajibu Bwana Mihuri, na gari likaondoka.