Mkeka wa Zamu Tano

Tangu azike mume, miaka sita sasa, Ercilia alikuwa na mgeni mmoja tu pale mjini Baní, na mgeni mwenyewe hukaa zamu moja ya besiboli. Huyo ni Eligio, mgane wa nyumba ya tatu. Ercilia ndiye aliyemsimamia mtoto wa Eligio ubatizo, na tangu siku hiyo wakawa komadre na kompadre.

Kila Jumapili alasiri walichangia mkeka mmoja katika kibanda cha kubeti ng'ambo ya barabara: zamu ya kwanza, hakuna atakayepata alama. Kisha redio. Dakika ishirini hazijatimia, mkeka umetiki au umechanika, na Eligio ameshavaa kofia.

"Kaa kidogo, kompadre. Zamu bado nane."

"Za nini? Hizo si zetu."

Jumapili moja Ercilia akapika uji mzito wa mahindi mabichi, kwa maziwa na mdalasini, akaenda dirishani kwa Yoselín, binti anayekata mikeka.

"Leo nipe zamu tano za kwanza. Jumla ya timu zote mbili, zaidi ya alama nne."

"Makubwa! Bibi, wewe na zamu ya kwanza mmeachana?"

"Haina pumzi, mwanangu. Kata mkeka."

Alikuwa amepiga hesabu zake. Alama hudondoka moja moja. Mpaka zifike tano, si zamu ya nne hiyo? Saa nzima na ushei. Uji angeupakua zamu ya tatu, taratibu, kama mtu asiye na neno.

Eligio akausoma mkeka, akausoma tena. "Komadre, zamu tano?"

"Yule binti kabonyeza vibaya. Nikaona haya kumrudishia."

"Zamu tano! Nitaota mizizi kwenye kiti hiki."

"Ota, nitakumwagilia."

Akacheka, akavua kofia akaitundika kwenye msumari wa ukutani. Kofia ile siku zote hukaa gotini. Ercilia akajifanya anatafuta kijiko.

Redioni, timu ya wageni ikapiga kwanza, ikatoka bila alama. Timu ya nyumbani ikaingia, na mrushaji wa wageni akawa kama ana pilipili viganjani: wapigaji wawili wakapewa kituo cha kwanza bure, wa tatu akapiga, mmoja akaingia, alama ya kwanza. Kisha mpira mmoja ukaruka ukuta, wakaingia watatu. Kisha mwingine tena, akaingia mpigaji peke yake.

"Tano!" Eligio aliruka kama hana magoti. "Umetiki, komadre! Zamu ya kwanza tu!"

Ercilia alipiga makofi huku akimlaani yule mrushaji hadi kizazi cha saba.

"Husubiri zamu tano ziishe, kompadre?"

"Za nini? Alama zilizoingia hazitoki. Nikachukue chetu kabla Yoselín hajafunga."

Kofia ikatoka msumarini.

Alirudi, lakini hakuingia. Fungu la Ercilia alilipenyeza kwenye nondo za dirisha, uso umemchanua.

"Yule binti abonyeze vibaya kila Jumapili!"

Na akaenda zake.

Redio iliendelea. Zamu ya pili, kimya. Zamu ya tatu, kwa kuwa ndivyo alivyopanga, Ercilia akapakua mabakuli mawili, akala la kwake. Mpaka ya tano inaisha hakuna aliyeongeza hata alama moja, na bakuli la pili lilikuwa limeshashika utando juu.