Uso wa Lugendo

Nasinzia kwenye benchi la kituo cha polisi, mchana kweupe, nikisubiri kuitwa kwenye gwaride la utambuzi, na benchi linageuka kuwa barabara. Natembea. Mimi si mtu wa kuamini ovyo, kwa hiyo kila nyumba naikagua, na kila nyumba ni yangu, dirisha lile lile, ila pazia huku ni la kijani na kule la bluu, na nikigeuka yamebadilishana rangi. Mbele yangu anakwenda mtu asiye na uso, amebeba kapu lililojaa pua na macho kama anayetoka gulioni. Nani wewe, namuuliza. Fundi wa kumbukumbu zako, Mama Shija, anajibu, pasipo na kitu naweka kitu. Simpendi. Hapo hapo tuko sebuleni kwangu, jioni ile, mume wangu yuko chini anavuja damu kichwani, na juu yake kasimama mwizi, naye hana uso. Panga lake nalijua mpaka kutu, mpaka mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Juu ya panga ni ukungu mtupu. Alikuwa na kovu shavuni? anauliza fundi, na sauti ni ya afande aliyechukua maelezo yangu. Nasema ndiyo, na kovu linaota. Alikuwa mrefu? Nadhani mrefu, nasema, na mwizi anarefuka mpaka darini. Kisha fundi anachakura kapuni na kumbandika uso wa Lugendo, jirani yangu, umenuna vile vile kama siku tulipogombania foleni ya bomba. Unanichezea, namwambia, huo umeutoa bombani, humu haukuwemo. Uliupeleka polisi mwenyewe, anasema, mimi nakurudishia tu. Namkamata shati. Nipe uso wa kweli, Lugendo akifungwa bure dhambi ni yangu, na kama kweli ni yeye, akiachiwa atarudi kummaliza mume wangu. Analipindua kapu, tupu. Macho yako yalikuwa kwenye panga, anasema, kitu ambacho hukukitazama mimi nitakitoa wapi?

Mama Shija, amka. Naamka, au napelekwa kwingine, maana afande aliyeniinamia ameligeuzia dirisha mgongo na mwanga unanifichia uso wake. Namtazama sana, simwamini. Twende, anasema, ukimwona mguse bega. Wanaume wamepangwa ukutani, Lugendo yumo, na kovu lipo shavuni, ila sijui kama siku zote alikuwa nalo au nimempa mimi. Nanyanyua mkono, na bega lake linatetemeka. Mwizi angetetemeka hivyo. Asiye mwizi naye angetetemeka hivyo hivyo. Naogopa, tena sana. Naushusha mkono. Simtambui, namwambia afande, hapa simtambui hata mmoja.

Lugendo, keshaachiwa, ananikuta mlangoni pa kituo. Ahsante, mama, anasema taratibu, nisalimie mzee, mwambie nitakuja kumwona. Sijui ananishukuru au ananitishia. Nafika nyumbani, natia komeo, nakaa kitandani karibu na mume wangu na kichwa chake kilichofungwa bandeji, nangoja kuamka, iwapo bado naota.