Tulikaa Msiba Sokoni

"Hatukuja Kongo kukaa msiba."

"Basi hilo soko watalala mbuzi, afande."

"Unajibizana na mimi, Anyelwisye?"

"Nakwambia ukweli."

Kapteni Muksini alinikazia macho. Mbele yetu soko linang'aa: bati jipya, sakafu ya zege, vyoo, bomba la maji. Miezi sita kikosi chetu kilifukuza waasi, kikazibua barabara, kikajenga. Zege la pale nimelibeba mwenyewe. Lakini wiki ya pili sasa, hakuna hata mtu mmoja aliyeweka nyanya mezani. Na Jumamosi jenerali anakuja. Akikuta soko tupu atasema mji umekufa, kikosi kitahamishwa, na waasi wako palepale mlimani wanasubiri tuondoke.

Kapteni alidhani watu wanaogopa risasi, akaongeza walinzi. Wapi. Mama Maria, aliyekuwa anauza samaki pale kabla ya vita, alishanieleza. Siku waasi wanachoma soko la zamani palepale walikufa watu wengi, dada yake mmojawapo. Lori likawazoa, wakafukiwa shimo moja nje ya mji. Kila mtu alikuwa anakimbia, hakuna aliyelia. Sasa nani atapanga samaki mahali ambapo dada yake hajaliliwa?

Mimi shule niliacha kidato cha pili, mengi siyajui. Hili nalijua. Kwetu Ngana, kijijini Kyela, mtu akifa shamba linasimama. Wanaume tunakaa chini kwenye majani ya migomba, siku mbili, tatu, na asiyefika anakumbukwa mpaka siku na yeye afiwe. Kapteni naye anajua, ni mtoto wa mwenye duka, Kyela mjini. Lakini nilipomwambia tuwakalie msiba wale waliokufa sokoni, alinicheka. Akasema Wanyakyusa tunapenda misiba kuliko mpunga, baba yake alikuwa anafunga duka kila wiki kwa ajili yetu. Akasema nikirudia hilo neno ananitia mahabusu.

Alhamisi sikuwa na zamu. Asubuhi nikakata majani ya migomba, nikatandika katikati ya soko, nikakaa. Bila bunduki, bila kofia. Saa nzima peke yangu. Wenzangu wanapita wananipa pole, wanauliza marehemu nani, mchumba wangu au akili yangu.

Halafu Mama Maria akatokea na sufuria ya maharage. Akaitua, akasimama kwenye kona ilipokuwa meza ya dada yake, akapiga yowe. Wanawake wakaanza kutoka majumbani.

Kapteni alikuja mbio na askari wawili kunikamata. Akakuta watu kama hamsini wamekaa chini, yeye kasimama. Mtu aliyekulia Kyela hawezi kuwasimamia wafiwa vichwani, hata awe na nyota ngapi. Akavua kofia. Akakaa kwenye majani pembeni yangu, akainua mikono, akasoma dua kimyakimya.

"Pole sana, mama," alimwambia Mama Maria. Kisha akaninong'oneza, "Na wewe ukimaliza kulia unachimba shimo la taka wiki nzima."

"Ndaga, afande."

Kushukuru kwa Kinyakyusa kulimuuma, niliona. Au alitaka kucheka.

Tulikaa siku mbili. Jiko la kikosi lilipika, mchungaji akaja, shehe akaja, majina ya marehemu yakasomwa moja moja. Askari tulipokezana: wa nje analinda, wa ndani analia. Ijumaa jioni wanawake walifagia majani wenyewe, wakaanza kugombania meza.

Jumamosi gari la jenerali lilikwama mita mia mbili kabla ya soko. Siyo tope, watu. Mihogo, mawese, mitumba, kuku wamefungwa miguu, redio zinashindana. Akashuka, akatembea anapigwa vikumbo, Kapteni nyuma yake kifua mbele kama soko kalijenga peke yake. Jenerali alisema kikosi kinabaki. Nilisikia nikiwa kwenye shimo la taka nyuma ya soko, udongo mpaka masikioni, nikapanda juu nikacheka kama kichaa.

Nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mama Maria. Nikamwambia mama, umeona, tumeshinda. Akanitazama kuanzia buti mpaka nywele.

"Nimeona. Sasa sogea na huo udongo wako, unanizibia wateja."

Samaki wake walikuwa wamebaki watatu. Akamwachia jirani meza, akajitwika beseni tupu, akageuka, akaenda zake kufuata samaki wengine.