Mafuta ya Njegere za Mbuke

Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimkatisha Marieta rozari akiwa fumbo la tatu. Akaziacha shanga zilale mapajani, akanusa tena. Hakukosea.

Mwaka huo wa 1983 Makoko nzima ililala bila mafuta ya kula. Duka la ushirika lilibaki na chumvi, viberiti na muuzaji. Mgambo walipekua nyumba hadi nyumba wakisaka walanguzi, na mtu aliyekutwa na katoni mbili za sabuni alichukuliwa, mkewe akabaki kuuliza vituoni. Na hapa, jikoni kwa mwanawe Renatus, kitunguu kilikuwa kinalia chwaa.

Mkamwana wake Mbuke, binti wa wavuvi wa Kibara, alikuwa amechuchumaa penye mafiga. Njegere mbichi alizipata kwa kubadilishana dagaa na wanawake wa Tarime. Alikuwa ameshazichemsha kwa maji kidogo, sufuria wazi, zisipoteze ukijani. Sasa alizimimina juu ya kitunguu, akatia saumu iliyopondwa, akakamulia ndimu. Zikang'aa. Njegere za maji matupu hazing'ai hivyo.

"Mafuta umeyapata wapi, mwanangu?"

"Ni kidogo tu, mama. Yalibakiaga."

"Yalibakia ya lini? Ya harusi yako?"

Mbuke akacheka. "Ya Mungu hayaishi, mama."

"Mungu usimtie kwenye sufuria."

Marieta alikula. Hilo ndilo lililomtesa. Alikula ugali wa udaga wa mhogo na zile njegere hadi akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, kisha akaingia chumbani kutubu kwamba amekula cha magendo.

Tangu siku hiyo alimchunga mkamwana kama kuku mwenye vifaranga anavyomchunga mwewe. Kila Alhamisi alfajiri Mbuke alishuka ziwani, akarudi na kikapu kilichofunikwa kwa khanga. Alipoulizwa alisema ni kuni. Kuni gani za kufunikwa? Siku moja Mbuke akiwa kisimani, Marieta alipekua nyuma ya magunia ya mhogo, akakuta chupa tatu za mafuta ya manjano, zimezibwa kwa magunzi.

Alizirudisha upesi mahali pake. Nyumba ni ya Renatus, kwa hiyo pingu zingekuwa za Renatus, na Renatus ndiye mtoto pekee aliyemsalia kati ya wanne. Alisali siku tatu. Siku ya nne aliona ni heri balozi wa nyumba kumi aambiwe taratibu na mama wa nyumba, amkanye mwanamke, kuliko wageni kumchukua mwanawe. Baada ya misa akamwendea mzee Pastory.

"Nitakuja peke yangu," balozi alisema.

Alikuja Jumanne mchana na mgambo wawili. Renatus alikuwa kazini. Chupa zikatolewa uani, zikapangwa juani.

"Mama, haya ya nani?" mgambo mkubwa aliuliza.

Mbuke hakumtazama yeye. Alimtazama Marieta. "Nitasema, lakini mama asinifukuze."

"Sema, binti," mzee Pastory alimwambia.

"Ni mafuta ya sangara. Wavuvi wakipasua wananipa ya tumboni. Nayayeyusha hukohuko ziwani kwa majani ya ndimu, yasinuke. Mama alikataa sangara asiingie hapa."

Alikataa kweli. Siku dume la sangara lilipoletwa mara ya kwanza, Marieta alisimama mlangoni na kusema zimwi linalomaliza sato na furu halitaingia chunguni mwake, na nani ajuaye limemmeza nani aliyezama.

Mgambo alimimina kidogo kikaangoni, akachochea moto. Mafuta yalipoungua bila ndimu wala kitunguu, harufu ya samaki ilijaa ua mzima. Akacheka mpaka bunduki ikamtoka begani.

"Mlanguzi wenu ni samaki. Na hizo njegere za sufuriani zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki. Wakala wamesimama. Mzee Pastory, akijifuta ndevu, akasema kwa sauti ya mtu asiyefikiri, "Mama Renatus, na wewe ulivyonihakikishia ni ya magendo."

Kijiko cha Mbuke kilisimama ndani ya sufuria. Halafu kikaendelea.

Jioni ile aliweka mabakuli mawili mkekani. Moja liling'aa. La pili alilisogeza mbele ya Marieta: njegere za maji na chumvi, zimefifia.

"Zako hizi, mama. Hazina sangara."

Marieta alimtazama usoni akitafuta kama ni heshima au ni kisasi. Uso ulikuwa mtupu kama rafu za duka la ushirika. Pengine ni vyote viwili. Pengine tangu leo angekuwa anatafuta hivyo kila mlo, akinusa, akipima, na mwenziwe akimpima.

"Mbona mnakula tofauti?" Renatus aliuliza.

Mbuke alimega tonge. Angeweza kusema, na hakusema.

"Leo mgambo walikuja hapa," Marieta alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda kwa balozi. Nilidhani mkeo ni mlanguzi. Sikumuuliza kwa dhati hata mara moja."

Renatus aliliacha tonge. Kisha Mbuke, bila kuinua uso, alilisukuma bakuli linalong'aa hadi katikati ya mkeka, mahali ambapo mkono wa kila mtu unafika.