Kiwanda cha Wenzetu

Tangu asubuhi Jovitha alikuwa akiuliza swali lile lile kwa sura tofauti, na tangu asubuhi alikuwa akijibiwa kwa dua.

"Mzee Mwinyimvua, bomba hili la amonia likipasuka, nini kitatokea?"

"Mungu apishe mbali," alisema Mwinyimvua, fundi mitambo, akaitazama dari.

"Tuseme limepasuka tu. Nani ataumia kwanza?"

Swaumu, msimamizi wa wapakiaji, alimkata jicho. "Injinia, usituchurie. Maneno huumba."

Hivyo ndivyo tathmini ya hatari ilivyokuwa ikienda katika kiwanda cha barafu cha Kasmir, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, kiwanda kinachopeleka barafu soko la samaki la Feri kila alfajiri. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Watu wanaoujua mtambo wanakaa pamoja, wanashika bomba moja moja na valvu moja moja, wanajiuliza litaharibika vipi, litamdhuru nani, na nini kizuie. Lakini utaifanyaje na watu wanaoamini kwamba balaa ukiliita jina linaitika? Wala wasisingiziwe watu wa Pwani peke yao. Kasmir, Mkatoliki wa Kilimanjaro asiyekosa misa, alikuwa akipiga ishara ya msalaba kila neno "kulipuka" lilipotajwa, kisha anarudi kwenye simu yake.

Kasmir alikuwa baba mdogo wa Jovitha. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, akamsomesha mpaka akawa injinia. Sasa mnunuzi mkubwa wa Kasmir, kampuni ya kusafirisha samaki nje, alikuwa amegoma kusaini mkataba mpya bila kuiona tathmini hiyo. Kasmir akampigia simu binti yake huyo wa kulea. Mtaalamu wa mwanzo, alimwambia, aliimaliza hotelini kati ya chai na pilau. Jovitha aliisoma kazi hiyo ya pilau. Ilieleza kwa kirefu hatari za chumba cha kuoshea chupa, na kiwanda cha Kasmir hakikuwa na chupa hata moja.

Basi akakataa hoteli. Tukae humu humu, alisema, ofisini juu, mtambo ukiwa chini yetu. Sasa alikuwa anajuta. Ofisi ilikuwa na dirisha moja, nalo lilichomelewa nondo tangu wezi walipopita. Ngazi ilikuwa moja, ikishukia ubavuni mwa kompresa ya amonia. Ile harufu ya kila siku ya gesi hiyo ya kugandishia, ambayo wazoefu hawaisikii tena, ilikuwa imemkaa kooni. Na mlango wa nyuma, ambao kwenye mchoro uliandikwa "njia ya dharura", ulikuwa umepangishwa.

Huo ndio uliokuwa ukimbana pumzi kuliko amonia. Kariakoo ukuta haukai bure. Kasmir alipoona mlango wake wa nyuma unatokea mtaa wa nguo, hakuona mlango, aliona fremu ya duka. Akampangisha Badria, muuza madera, naye akaweka rafu zake kwa nje na kurundika mzigo mpaka juu. Wote waliokaa mezani walijua. Mwinyimvua na Swaumu wasingemwaibisha mwajiri mbele ya mwanawe, na mwanawe alikuwa amelelewa kwa kodi za fremu kama hizo. Akiandika ukweli, anamwangusha aliyemlea. Asipoandika, watu wote wa chini, wakata barafu na wapakiaji, wanabaki na njia moja ya kutokea, nayo inapita penye gesi. Alijiona kama mtu aliyefungiwa chumbani na funguo zote mbili ni za moto.

"Andika hakuna hatari, tufunge kikao," alisema Kasmir. "Mnunuzi wangu anafika saa kumi."

Jovitha aliweka kalamu chini. Alikumbuka wakati wa chai, watu hawa hawa walivyosimulia ajali ya lori la Mbagala bila kubakiza hata kishindo: nani alikaa mbele, nani alishuka njiani akapona, breki zilianza lini kulia. Balaa la mwenzako halina uchuro.

"Tuache kiwanda chetu," alisema. "Kuna wenzetu fulani, huko mbali, wana kiwanda kama hiki. Bomba lao limepasuka. Mnadhani walikosea wapi?"

Mwinyimvua akakohoa.

"Hao? Hao valvu ya tangi lao ilianza kuvuja zamani. Wanaifunga kwa mpira, wanasema kesho."

"Na barakoa zao za gesi wamezifungia kabatini," Swaumu alidakia. "Ufunguo anao bosi, eti zisiibiwe."

"Watu wajinga sana," alisema Kasmir, akaweka simu mfukoni.

Hapo maneno yakafunguka. King'ora cha wenzetu kilizimwa kwa sababu kilikuwa kinasumbua majirani. Fundi wao wa zamu alikuwa peke yake, mwenzake kaenda msibani. Jovitha aliandika mpaka vidole vikauma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua vizuri. Hata Kasmir alisogeza kiti.

"Sasa wakakimbilia wapi?" aliuliza.

"Mbele hakupitiki, ndiko gesi iliko," alisema Swaumu. "Wakakimbilia nyuma." Alisita, akaitazama meza. "Nyuma walikuwa wamempangisha muuza madera."

Feni ilizunguka juu yao. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Na mwenye kiwanda alikuwa wapi?" Kasmir aliuliza, taratibu.

"Juu," alisema Mwinyimvua. "Ofisi yake ilikuwa juu."

Kasmir akacheka kicheko kifupi cha kufungia duka. "Basi wapeni pole zangu hao wenzetu. Hapa kwetu andika hakuna."

Jovitha alikuwa amejitegea mtego mwenyewe. Alitaka kuwapa watu kinywa, kumbe amempa baba yake mdogo pa kujificha. Kila alichoandika kilikuwa cha watu wasiokuwepo.

"Siandiki," alisema, ingawa hakuwahi kumwambia mzee huyu hapana. "Baba mdogo, umenilea, na sina cha kukulipa. Lakini twende tukatoke kwa mlango wa nyuma. Ukipita, naandika hakuna."

"Kumbe dogo hilo," alisema Kasmir.

Walishuka wote wanne, wakapita ubavuni mwa kompresa. Walipoipita, Jovitha alisimama katikati ya njia, mgongo wake ukielekea mlango wa mbele. "Hapa nilipo pana gesi," alisema. "Hakurudiwi."

Kasmir aliondoa komeo, akasukuma. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukagota kwenye kitu laini. Mwanga uliingia, na kipande cha nguo ya maua. Aliweka bega. Kitu laini hakikusogea.

"Nani anasukuma mzigo wangu?" Ilikuwa sauti ya Badria.

"Mimi, Kasmir. Toa hivi vitu nipite."

"Shikamoo Mangi," alisema, kwa jina ambalo mtaa huwaitia watu wa Kilimanjaro.

"Marahaba," alijibu, maana hata penye gesi adabu ni adabu.

"Zunguka mbele, Mangi. Huku nimejaza."

Kasmir aligeuka. Jovitha hakusogea. Wapakiaji walikuwa wameacha kazi, wamesimama na makoleo yao wakitazama, na hakuna aliyethubutu kutabasamu.

"Siwezi kuzunguka," alisema Kasmir kwenye upenyo.

"Basi subiri kidogo, nina mteja."

Akasubiri. Kutoka upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke akiomba apunguziwe dera la kijani, na Badria akiapa kwamba kwa bei hiyo hata nauli hairudi. Wakavutana. Mteja akaomba aone la bluu. Hawakuwa na haraka yoyote. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya Kasmir, na mkono wake ulikuwa bado umebana ukingo wa mlango.

"Humu tumeshakufa," alisema, si kwa Badria.

Swaumu aliziba mdomo kwa mtandio. Mwinyimvua alinong'ona dua yake. Kasmir hakujipigia msalaba safari hii.

"Andika, Jovi," alisema. "Andika ni hapa."